KISU NA AMANA YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha chuma na akatia ndani yake nguvu na manufaa kwa waja wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na ndugu zetu wenye mashamba na mifugo, ambao hutoka mjini wakakaa bara siku nyingi. Wanasema: Mtu huenda kwa mhunzi akaagiza kisu chake mwenyewe kwa kipimo cha mkono wake, mfano wa kisu cha wawindaji, chenye mpini mzuri na ala ya ngozi, akakifunga kiunoni aendapo shambani, malishoni au safarini. Je, jambo hili ni halali? Si israfu? Si majivuno? Na ikiwa ni halali, ni ipi haki ya kisu hicho juu ya mwenye nacho?

Wako watakaoliona suala hili kuwa dogo. Sisi hatulioni dogo, kwa sababu kwa kisu hicho nyama huwa halali au huwa mzoga, mnyama hupumzishwa au huadhibiwa, na damu ya mwanadamu huhifadhiwa au humwagwa. Kitu chenye kushika mambo matatu hayo hakifai kuchukuliwa kwa mchezo. Basi twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kukiagiza kisu kwa fundi ni halali, tena ni katika kumpa mtu riziki yake kwa kazi ya mkono wake. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Sabaa kwamba alimlainishia chuma Nabii Daudi (A.S.), naye akafua deraya; na katika Sahihi ya Bukhari Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Nabii Daudi, juu ya ufalme wake, alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Sahaba Khabbab bin Al-Aratt (R.A.) alikuwa mhunzi Makka. Alimfanyia kazi bwana mmoja mkubwa wa Kikureshi, na alipokwenda kudai ujira wake, yule bwana akakataa kumlipa mpaka amkanushe Mtume. Khabbab hakukubali, na Qurani ikateremka katika Sura ya Maryam kumlaumu mdaiwa yule.

Yatazameni mambo haya, enyi ndugu, kisha mtazame desturi zetu. Hata leo wako katika miji yetu wanaomdharau mhunzi, wakaona haya kumwoza binti, na huku kila siku hula kwa kisu alichokifua. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, zamani ulisifika kwa mafundi wake wa chuma, wa fedha na wa ngozi. Na mji huo huo ukasifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Fundi wa kisu na mwandishi wa msahafu waliishi mtaa mmoja na wakasali safu moja. Dharau hii basi tumeipata wapi? Haikutoka katika dini.

Mwenye kuagiza kisu yampasa aeleze anachokitaka: urefu wake, upana wake, chuma chake, mpini wake na siku ya kukichukua, na bei ijulikane tangu mwanzo, wasije wakagombana mwisho. Na kazi ikiisha, amlipe fundi haki yake bila ya kumzungusha. Kumfanya mtu afue siku tatu, kisha kumwambia njoo kesho, njoo kesho kutwa, hiyo ndiyo tabia ya yule bwana wa Makka, ijapokuwa mwenye kuifanya amevaa kanzu na kofia.

Ama israfu, yategemea fedha zimekwenda wapi. Wahunzi wetu wengi hufua visu kwa springi za magari makuukuu, nacho ni chuma kizuri. Fundi hukitia motoni kikawa chekundu, akakifua mpaka kikashika umbo. Kisha hukitia moto tena akakizamisha katika mafuta, kikawa kigumu sana. Lakini ugumu huo peke yake ni hatari, kwani kisu huwa chepesi kuvunjika. Kwa hivyo hukirudisha kwenye moto mdogo ili kipate ustahimilivu. Baadaye ndipo hukinoa. Kazi yote hii haionekani kwa macho. Mwenye kulipa bei kubwa kwa ajili ya kazi hii amenunua makali yatakayomtumikia miaka mingi, wala hakufanya israfu. Mwenye kulipa bei kubwa kwa ajili ya mpini wa kuonyeshea watu barazani, na chuma chenyewe hakikati hata kitunguu, huyo amenunua majivuno.

Na kwa kuwa tumetaja mpini, tubainishe hukumu yake. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba kichwa cha mpini wa upanga wa Mtume (S.A.W.) kilikuwa cha fedha. Kwa hivyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamemruhusu mwanamume kupamba silaha za vita kwa fedha. Lakini wakapambanua: silaha ya vita ni mbali, na kisu cha kazi ni mbali. Kisu cha kuchinjia, cha kuchunia na cha kukatia kamba si silaha ya vita, basi hakipambwi kwa fedha. Ama dhahabu, haikuruhusiwa kwa hiki wala kwa ile. Mpini wa mpingo, wa mti mwingine mgumu, au wa pembe ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria watosha, na mkono hushika vizuri.

Tena yako mazingatio makubwa katika habari ya mpini. Watu wa Yemen hupenda majambia, na mpini uliothaminiwa kwao kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Katika miaka ya 1970 fedha nyingi ziliingia nchini humo kutoka kwa wana wao waliokwenda kufanya kazi Saudia, na watu wengi wakautaka mpini huo uliokuwa zamani wa wakubwa tu. Pembe zikatoka Afrika Mashariki. Hapa Kenya vifaru waliokadiriwa kuwa kiasi cha 20,000 mwaka wa 1970 hawakufika 400 ulipofika mwaka wa 1990. Hatusemi kwamba wote waliuawa kwa ajili ya majambia, kwani pembe zilikwenda pia Asia ya Mashariki kutiwa katika dawa. Lakini mpini wa kisu ulikuwa na fungu lake katika maangamizi hayo. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ikakataza kuingizwa kwa pembe hizo mwaka wa 1982, na baadaye Mufti wa nchi hiyo akatoa fatwa kwamba kuua vifaru kwa ajili hiyo ni kinyume cha apendavyo Mwenyezi Mungu. Angalieni jinsi majivuno ya kiunoni yanavyoweza kukimaliza kiumbe katika nchi ya mbali. Mwenye jambia lile hakumwona kifaru hata siku moja, lakini hesabu yake iko.

Sasa tuje kwenye moyo wa maneno yetu, nao ni makali.

Katika Sahihi ya Muslim, Shaddad bin Aus (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, akaamrisha mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Na Ibn Abbas (R.A.) amepokea habari ya mtu aliyemlaza kondoo, akamwekea mguu, kisha ndipo akaanza kunoa kisu, na kondoo yule anamtazama. Mtume (S.A.W.) akamkemea kwa kuwa ni kama anayetaka kumfisha zaidi ya mara moja, akamuuliza mbona hakukinoa kabla ya kumlaza.

Wengi wetu hudhani kwamba haya ni mapendekezo ya adabu tu, mtu akiyaacha amepoteza thawabu na nyama yake imebaki salama. Sivyo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameeleza kwamba kisu butu hakihalalishi nyama ila kwa masharti mawili: kiwe chakata kwa makali yake, si kwa nguvu za mchinjaji; na kiwe kimeimaliza njia ya pumzi na njia ya chakula kabla mnyama hajafikia mtapatapo wa mwisho. Ikiwa mtu anasukuma na kuvuta, anapumzika na kurudia, na mnyama amekwisha kufa kwa maumivu kabla njia hizo mbili hazijakatika, basi alichokishika mkononi ni mzoga, ingawa ametaja jina la Mwenyezi Mungu mara mia.

Na hili si jambo la nadharia. Kila Idi Kubwa ikifika, mbuzi na ng'ombe huchinjwa katika nyua zetu kwa visu vilivyolala jikoni mwaka mzima, ambavyo asubuhi yake vilikatia mkate. Mtu ametoa maelfu ya shilingi kumnunua mnyama wa udhia, na hakutoa robo saa ya kunoa kisu. Je, huyu hakuogopa kwamba ibada yake itaharibika kwa jambo la kinoo na maji? Kisu kizuri kilichofuliwa kwa makusudi, kikanolewa mpaka kikakata karatasi bila ya kuirarua, siku hiyo huwa ni msaada wa ibada. Na mwenye nacho akikiazimisha kwa jirani asiye nacho, amepata fungu katika wema huo.

Tumeulizwa pia juu ya uwindaji wenyewe. Asili yake ni halali, Sura ya Maida imetuhalalishia kile wanachotukamatia wanyama tuliowafunza, na Adi bin Hatim (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) mambo mengi ya uwindaji, majibu yake yakawa msingi wa mlango huu katika fikihi. Miongoni mwa majibu hayo ni kwamba mwindaji akimdiriki mnyama yu hai, lazima amchinje. Hapo ndipo kisu kinapoingia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijria, ameeleza katika kitabu chake Minhaj kwamba mwindaji akimkuta mnyama na uhai uliothubutu, kisha mnyama akafa kwa sababu ya taksiri ya mwindaji, mnyama huyo ni haramu. Na akatoa mifano ya taksiri hiyo: kuwa mtu hakuchukua kisu, au kisu kimemganda ndani ya ala. Lakini ikiwa alikichomoa mara moja, na mnyama akafa kabla ya kuwahi kumchinja, basi huyo ni halali, kwa kuwa hakufanya taksiri.

Tazameni, enyi ndugu, dini hii ilivyokuwa na uangalifu. Kisu kugandamana na ala kumehesabiwa kuwa ni uzembe wenye kuharamisha nyama! Na sisi watu wa pwani tunajua zaidi ya wengine jambo hili linavyotokea. Hewa yetu ina chumvi, na ngozi hushika unyevu. Kisu kikiachwa ndani ya ala ya ngozi miezi miwili bila ya kuangaliwa, hushika kutu. Kutu hukamata ngozi. Na siku ya haja, mtu huvuta asikipate. Basi kisu kioshwe kila baada ya kutumiwa, kikaushwe, kipakwe mafuta kidogo, na kikiwekwa nyumbani kwa muda mrefu kiwekwe nje ya ala yake. Huku ndiko kuitunza amana.

Hata hivyo, yatupasa tuseme wazi kwamba hapa Kenya uwindaji umekatazwa na serikali tangu mwaka wa 1977, na sheria ya wanyama wa mwituni ya mwaka wa 2013 imelithibitisha katazo hilo. Kitu kilicho halali kwa asili, mtawala akikizuia kwa maslaha ya watu wote, Mwislamu hakivamii kwa siri. Wala asiseme mtu kwamba paa ni riziki ya Mungu na yeye amechukua riziki yake. Jirani zetu wa Tanzania huwinda kwa leseni na kwa mipaka. Mwenye kwenda huko na afuate masharti yao.

Lakini hukumu ya kisu haikuondoka pamoja na uwindaji. Ziko barabara zetu. Ni mara ngapi gari limemgonga mbuzi, naye yuko kando ya njia, na watu wamemzunguka wakitazamana, hakuna mwenye kisu? Sura ya Maida imeharimisha mnyama aliyepigwa, aliyeanguka, aliyetiwa pembe na aliyeliwa na mnyama mkali, ila mtakayemdiriki mkamchinja. Akidirikiwa na uhai wake umethubutu, akachinjwa, damu ikaruka na akajitupa kwa nguvu, ni chakula halali. Akiachwa mpaka roho ikatoka, ni mzoga wa kufukiwa. Kati ya haya mawili hapana ila dakika chache na makali ya mtu mmoja.

Na katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mjakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga kondoo karibu na mlima wa Sal'i, Madina. Akamwona mmoja yuataka kufa, wala hakuwa na kisu. Basi akavunja jiwe, akamchinja kwa ukali wake. Wenyewe wakasita kula mpaka Mtume (S.A.W.) alipoulizwa, naye akawaamrisha wale. Mwanamke yule hakuwa na mpini wala ala. Alikuwa na akili, na moyo wa amana kwa mali ya watu, na jiwe lenye makali. Mwenye kisu kilichogharimu fedha nyingi asiwe nyuma yake.

Yako pia mambo ya upotofu yanayoning'inizwa juu ya kisu, na hatuwezi kuyanyamazia. Wako wanaodhani kwamba kisu kikisomewa mara moja na sheikh, basi kila kitakachochinjwa nacho ni halali, ataje mchinjaji jina la Mungu au asitaje, awe ni nani au nani. Hili halina asili. Jina la Mwenyezi Mungu hutajwa na ulimi wa mchinjaji juu ya kila mnyama. Chuma hakihifadhi bismillahi kama mtungi unavyohifadhi maji. Wako na wafungao hirizi kwenye mpini ili kisikose. Kisu hakikosi kwa kunolewa na kwa mkono uliotulia. Na wako waweka kisu chini ya mto wa mtoto mchanga ili majini wasimkaribie. Imamu Bukhari amepokea katika Al-Adabul-Mufrad kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiletewa watoto awaombee baraka. Siku moja akauinua mto wa mtoto, akakuta chini yake wembe. Alipoambiwa kuwa umewekwa kwa ajili ya majini, aliutwaa akautupa, na akawakataza. Mama zetu na wamwige Mama wa Waumini, wawasomee watoto wao Qurani, na kisu wakiweke mahali ambapo mtoto hawezi kukifikia.

La mwisho, na ndilo zito kuliko yote, ni haki ya wanadamu. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye chuma, na katika riwaya ya Muslim amebainisha kwamba malaika humlaani mwenye kufanya hivyo, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Amekataza upanga kupokezanwa ukiwa wazi. Ameamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake, asije akamkwaruza Mwislamu. Ikiwa kukwaruza tu kumeangaliwa hivi, itakuwaje kuchoma?

Twasikitika sana kusikia, katika miji yetu ya pwani, vijana wanaozunguka na visu na mapanga wakiwanyang'anya watu simu na mikoba, na wengine hawajafika miaka kumi na sita. Vijana hawa ni wana wa nani? Hawakushuka kutoka mbinguni. Ni wana wetu, wamezaliwa mitaani mwetu, wamepita chuoni wakafundishwa kusoma Alif na Be, lakini hakuna aliyewafundisha kazi wala adabu ya chuma. Baba anayemchukua mwanawe kwa mhunzi akamwonyesha jinsi jasho linavyotoka, akamfundisha kunoa, akamshika mkono katika kuchinja kuku wa kwanza, akamwambia huyu ni kiumbe wa Mungu nasi hatumuui ila kwa jina Lake, mtoto huyo atakijua kisu kuwa ni kitu cha haya. Asiyefundishwa hivyo na babaye atafundishwa na wahuni pembeni, na somo lao twalijua.

Na asifanye mtu mchezo na roho za wanyama pia. Abdalla bin Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Basi kisu kisirushwe kwa mjusi wala kwa paka ili kujaribu mkono. Mkono hujaribiwa kwenye gogo.

Huu ndio muhtasari wa jibu letu: agiza kisu chako na mlipe fundi haki yake, fedha zako ziende kwenye makali, si kwenye mapambo, kinoe kabla ya haja, na ala yako isikigande, taja jina la Mola wako juu ya kila mnyama, usimwonyeshe mwanadamu ncha yake, na sheria ya nchi usiivunje. Mwenye kuyashika haya, kisu chake ni neema mkononi mwake. Mwenye kuyaacha, kisu hicho kitakuwa shahidi juu yake siku ambayo viungo vitasema.

Na tukumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alionekana akikata nyama ya bega la kondoo kwa kisu, na kama ilivyopokewa na Amru bin Umayya (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari, alipoitwa kwenye sala alikitupa kisu akainuka akasali. Hakuna kazi ya chuma iliyo kubwa kuliko mwito huo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aitakase riziki yetu, azilainishe nyoyo zetu kwa viumbe vyake, awaongoze vijana wetu, na aihifadhi miji yetu na damu ya haramu. Amin.

Wabillahi ttawfiq.